Binti Yangu Ameacha Kumpa Nyanya Yake Kichwa

Mama Mongina mpendwa,

Nakuomba unisaidie kufikiri, maana mimi nimefikiri mpaka nimechoka na hapa nyumbani sina wa kuongea naye, kila mmoja ameshikilia lake. Jina langu ni Mokeira. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho na mimi nikazaliwa huko huko kwenye laini za wafanyakazi, halafu nikaolewa na Kimeli, ambaye ni Mkipsigis, na sasa tunakaa karibu na Kedowa kwa mama yake, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, hata mimi mkaza mwana wake namwita hivyo hivyo na yeye amezoea.

Mtoto wetu wa kwanza ni Chepkemboi, ana miaka kumi, na tangu azaliwe haoni na hasikii. Watu wakisikia hivyo wananionea huruma na kunyamaza, lakini mimi naomba usininyamazie, kwa sababu mtoto huyu ana akili ambayo mpaka leo inanishangaza, na barua hii yote ni kwa sababu ya akili hiyo. Mwaka jana tulipata nafasi katika shule ya bweni iliyo na kitengo cha watoto kama yeye, na mwalimu wake, Mwalimu Esnah, ni msichana aliyekulia Nairobi lakini ana moyo wa kukaa chini sakafuni na mtoto mpaka soksi zinatoboka. Yeye huvaa bangili ya shanga mkono wa kushoto, Chepkemboi akiipapasa anajua huyu ni mwalimu wangu, na kila jambo la siku lina kitu chake cha kushika, kijiko maana yake uji uko tayari, kitaulo maana yake kuoga, kipande cha kamba maana yake twende kwenye bembea. Aliporudi likizo ya kwanza alitafuta nyumba nzima kwa mikono mpaka akapata taulo, akaniletea, akaliweka kwenye goti langu na kungoja. Mama Mongina, mtoto wangu aliniomba kuoga! Nililia na kucheka kwa pamoja, maji yenyewe nilichelewa kuyapasha.

Sasa shida ilianza muhula uliopita, Mwalimu Esnah aliponiita shuleni akaniambia kwa upole kwamba Chepkemboi amekuwa na tabia ya kugonga watu wazima kwa kichwa, kwamba mtu akimkaribia anamshika mkono halafu anashusha kichwa na kumsukumia tumboni au kifuani, alimgonga matroni kwenye kidevu, na siku moja alimgonga mpishi aliyebeba sufuria ya uji wa moto, uji ukamwagika na mpishi akaungua mkono, na ilikuwa bahati tu kwamba uji wenyewe haukumwagikia mtoto. Kisha akaniuliza, "Mama, nyumbani pia huwa anagonga watu na kichwa?" Nami nikamjibu, "La, mwalimu, nyumbani hajawahi kugonga mtu hata siku moja," na nilisema kweli, Mungu anajua, kwa sababu sijawahi kuona kitu kama hicho nyumbani kwangu. Mwalimu akasema basi huenda ni mazingira mapya yanamsumbua, tumsaidie aache, akishusha kichwa mtu arudi nyuma kidogo, amshike mabega amsimamishe wima, halafu ampe kitu kingine cha kufanya. Nikaona ni busara. Nikamshukuru, tukatakiana heri nikarudi.

Muhula ulipokwisha nikaenda kumchukua na mwalimu akanipokea na furaha yote, "Mama Chepkemboi, ameacha! Kabisa kabisa!" na mimi nikafurahi naye. Tukafika nyumbani jioni, Kogo amesimama hapo langoni na shuka yake, amemwekea mjukuu mursik kwenye kibuyu, yale maziwa yetu ya mgando, akanyoosha mkono. Chepkemboi akaupapasa ule mkono, akaujua, akatabasamu mpaka meno yote yakaonekana, halafu akasimama wima. Kogo akangoja. Mtoto naye akangoja. Kogo akanigeukia, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu mmemfundisha nini huko?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wewe unayajua mambo ya huku kwetu, mtoto wa Kipsigis hampi mtu mzima mkono, anampa kichwa, anainama na mtu mzima anaweka kiganja juu ya utosi na kumwambia takwenya kama ni msichana. Salamu hiyo naijua tangu nikiwa mdogo, watoto wa majirani walisalimia hivyo. Lakini sikuwahi kufikiri hata kidogo kwamba Chepkemboi anaijua. Nilikuwa nikimwona kila asubuhi ameshika mkono wa Kogo na kulaza kichwa pale, nikidhani anatafuta joto la nyanya yake kama kitoto kingine chochote. Kumbe Kogo alimfundisha pole pole tangu alipoanza kutembea, bila kumwambia mtu, na mtoto alipoenda shule alienda na adabu yake, akawapa matroni na mpishi na mwalimu kichwa, na wote wakarudi nyuma.

Na sasa kuna jambo lingine linalonikosesha usingizi, na sijui kama ni la maana au ni mimi tu ninayependa kuchimba. Alijuaje nani ni mtu mzima? Ndugu zake wadogo hajawahi kuwapa kichwa. Likizo hii nimekuwa nikimwangalia sana. Hainami tena, lakini mtu mzima akimpa mkono, anaupapasa kiganja na kifundo, halafu mabega yake yanashuka kidogo sana, kama mtu anayetaka kuanza jambo, na hapo anajizuia. Kwa watoto mabega hayashuki. Nikafikiri labda ni urefu, nikamsimamisha mdogo wake juu ya kiti na kumvalisha koti la baba yake, Chepkemboi akapapasa mkono mara moja tu, akacheka na kumvuta chini. Nikafikiri labda ni ugumu wa viganja vya watu wanaochuma majani, maana jirani yetu Chepchirchir alipotoka shambani mabega yalishuka. Lakini pasta alipokuja kutuombea, na viganja vya pasta wetu ni laini kama vya mtoto mchanga, mabega yakashuka vile vile! Labda mkono wa mtu mzima unajua kutulia, na wa mtoto una haraka. Labda kuna harufu. Mimi sijui, na ningetoa kitu kikubwa kujua.

Lakini Kogo hataki kusikia habari za viganja. Amesema Chepkemboi harudi huko. Amesema, "Shule ya kufundisha mtoto kusimama mbele ya watu kama nguzo ya stima mimi sitaki, afadhali akae na mimi hapa." Na Kogo si mtu wa makelele, akisema ameshasema. Nilipomwambia Kimeli, yeye huendesha lori la kubeba majani mabichi kwenda kiwandani, aliniambia, "Mokeira, hiyo maneno usiniingize. Mama ni mama, teacher ni teacher, mimi niko na trip mbili leo." Akaondoka. Shule inafunguliwa Jumatatu. Asiporudi atakaa kwenye mkeka pale mlangoni kutwa kama zamani, maana mimi nina chai ya kuchuma na sijui robo ya yale anayoyajua Mwalimu Esnah.

Na mwalimu mwenyewe naogopa kumwambia. Ni mimi niliyemwambia nyumbani hakuna tabia hiyo. Ana fahari kwa kazi aliyoifanya, nianze vipi kumwambia kazi hiyo aibomoe? Na yule mpishi aliungua, salamu ikirudi si ataungua mwingine? Na nafasi za pale ni chache, wazazi wanangoja, nisije nikaonekana mzazi wa maneno mengi. Wakati mwingine naona ni heri ninyamaze, nimwombe Kogo avumilie, mtoto ajue ya shule ni ya shule na ya nyumbani ni ya nyumbani. Lakini kila nikiona yale mabega yakishuka na kusimama, najiuliza, Chepkemboi anafikiri mikono ya watu ilikwenda wapi? Nishauri mama, nifanye nini.

Mokeira, Kedowa

*

Mokeira,

Pole, na hongera pia kwa macho uliyo nayo. Sasa nikugombeze kidogo. Umemchunguza pasta wa watu viganja, umemvalisha mtoto koti na kumpandisha kitini, umeniandikia mimi nisiyemjua binti yako, na simu ya Mwalimu Esnah hujapiga! Haya yote uliyoniandikia ni yake. Yeye ndiye angepaswa kuyasikia kwanza.

Unajilaumu kwa jibu ulilompa, nami sioni kosa ndani yake. Mwalimu aliona mtoto akigonga, akauliza habari za kugonga. Wewe hujawahi kuona kugonga, ukasema hapana. Nyote wawili mlisema kweli, na mtoto akapotea hapo katikati. Siku nyingine mwalimu akikuuliza kama mtoto anafanya jambo fulani, usikimbilie kujibu ndiyo au la. Mwambie akuonyeshe. Asimame, akushike mkono jinsi mtoto anavyoshika, ashushe kichwa chake mwenyewe jinsi mtoto anavyoshusha. Nakuhakikishia kama Mwalimu Esnah angekuinamia siku ile pale ofisini, kiganja chako kingeenda kwenye utosi wake chenyewe, na nyote mngecheka.

Usimfanye adui huyo msichana. Alikuwa na mtoto asiyemwona wala kumsikia, na uji wa moto njiani, na mama mzazi anayemwambia nyumbani hakuna kitu kama hicho. Wewe ungefanya nini? Na ona jambo moja: alifaulu. Aliweza kumwambia binti yako kitu kwa kutumia mikono tu, na binti yako akaelewa na kutii. Kilichokosewa ni ujumbe wenyewe. Anayeweza kumwambia acha anaweza pia kumwambia ngoja, na hilo ndilo wanalolihitaji pale jikoni.

Hili la "ya shule ni ya shule, ya nyumbani ni ya nyumbani" nimelikataa. Kwa watoto wako wadogo linawezekana, wanaona wenzao wanafanya nini wanafuata. Chepkemboi hana mwenzake wa kumwangalia, ana mkono uliomfikia basi. Mkono mmoja ukimpokea na wa pili ukimsukuma, atakachojifunza ni kwamba mikono haiaminiki, na hapo utapoteza kijiko, kitaulo, kamba ya bembea na kila kitu. Salamu iwe moja, nyumbani na shuleni.

Nilimuuliza rafiki yangu aliyefundisha watoto wa namna hii kwa miaka mingi, naye akaniambia salamu inaweza kurudi bila mtu kuungua. Mtu mzima asije akamsimamia Chepkemboi mbele kifua kwa kifua, asimame kando yake. Ampe mkono kwanza, ampe nafasi ya kuupapasa, halafu mkono huo huo uende kwenye utosi, hivyo kichwa hakina haja ya kutafuta tumbo la mtu. Aliyebeba kitu cha moto amguse begani kwa namna moja mtakayokubaliana, maana yake ngoja, akatue mzigo wake, kisha arudi amsalimie kweli. Asiporudi atakuwa amemdanganya mtoto, na mwambie mpishi hivyo bila kuzunguka. Tena msichana anakua. Asifundishwe kumpa kichwa kila anayepita njiani. Wawe ni watu anaowajua, kila mmoja na alama yake kama ile bangili ya mwalimu. Mwalimu akiwa na njia iliyo bora kuliko hii, fuateni yake, mimi ni mshauri wa gazeti tu.

Sasa Kogo. Mokeira, mama huyu alimfundisha adabu mtoto asiyeona na asiyesikia, peke yake, kabla ya shule yoyote kumfungulia mlango, na mkutano wa kuzungumza habari za mtoto huyo ulipoitwa, nani alikwenda? Ulikwenda wewe peke yako. Hakuna aliyemuuliza yeye kitu. Mimi pia ningekasirika. Leo jioni kaa naye, mpe chai, umwambie bila kujitetea kwamba mwalimu alikuuliza, ukajibu usichokijua, na anayekijua ni yeye. Usimwombe avumilie. Mwombe aende shuleni akamfundishe mwalimu. Akikataa mara ya kwanza, mimina kikombe kingine.

Lakini na yeye mwambie, kwa heshima yote, kwamba kumkalisha Chepkemboi mkekani si kumlindia adabu. Adabu hiyo inahitaji watu wa kuwasalimia, na pale mlangoni watapita wangapi?

Kimeli, najua gazeti hili litakufikia, kama si leo ni kesho pale foleni ya kiwandani. Umesema mama ni mama na teacher ni teacher. Sawa kabisa. Na wewe ni baba. Jumatatu majani yatafute dereva mwingine, wewe uendeshe mama yako, mke wako na binti yako mpaka shuleni, na ukifika usibaki kwenye gari ukisikiliza redio.

Ulitaka kujua mtoto anatambuaje mtu mzima. Sijui, Mokeira. Niliposoma barua yako nilifumba macho nikashika mikono ya wenzangu hapa ofisini mmoja mmoja, wakaniona nimerukwa na akili, na sikuweza kumtambua mkubwa wala mdogo. Peleka swali hilo kwa Mwalimu Esnah kama ulivyoniletea mimi, na koti na kiti na pasta, usipunguze kitu. Nakwambia hatakuona mzazi wa maneno mengi. Mwalimu anayekaa sakafuni mpaka soksi zinatoboka amekuwa akingoja mzazi wa namna hiyo.

Msimshike kichwa mtoto mkamwinamisha. Hilo nakukataza. Kogo akae chini, aache mkono wake wazi pale Chepkemboi anapoweza kuufikia, na aungoje utosi. Mabega yakishuka, Kogo asogeze kiganja yeye mwenyewe, taratibu, akiweke juu, aseme takwenya yake kama kawaida hata kama haisikiki. Mabega yakikataa, amsalimie kwa kumpapasa mkono, ajaribu tena kesho. Huenda ikachukua siku, huenda ikachukua muhula. Aliacha kwa kufundishwa, atarudia kwa kufundishwa.

Swali lako la mwisho limenikaa rohoni. Unauliza anafikiri mikono ilikwenda wapi. Nadhani anafikiri alifanya kosa. Alitoa kichwa, watu wakarudi nyuma, akatoa tena, wakarudi nyuma tena, mpaka akaamua kujizuia, na bado hajui ni kwa nini. Wewe unajua, Kogo anajua, mwalimu atajua ukimpigia simu leo. Nyote mnampenda, na katika ugomvi wenu huu yeye ndiye pekee ambaye hajaambiwa kwamba hakukosea kitu. Mwambieni leo.

Mama Mongina